Kompyuta mpakato niliyouziwa kuwa mpya inajizima yenyewe: nimeuziwa mbovu, au naikosea mimi?

Mwalimu wa Kihonda

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Naomba ushauri wenu kuhusu kompyuta mpakato niliyoinunua Kariakoo wiki 6 zilizopita kwa shilingi 1,450,000. Fedha hiyo niliitoa kwenye akiba yangu ya kikoba kabla ya mgao, kwa sababu ninasoma shahada ya uzamili huku nikifundisha, na ile kompyuta ya kuazima ilikuwa imeanza kunigombanisha na mwenye nayo. Nilikabidhiwa ikiwa ndani ya boksi lililozungushiwa nailoni, ikiwa na chaja na kijitabu chake, nikapewa risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na karatasi ya waranti ya mwaka 1 iliyogongwa muhuri wa duka.

Siku nne za mwanzo haikunisumbua, pengine kwa kuwa muda wote ilikuwa kwenye umeme. Siku ya tano umeme ulikatika hapa Morogoro nikiwa naandika sura ya pili ya tasnifu yangu. Betri ilionyesha asilimia 71, kwa hiyo niliendelea na kazi bila wasiwasi wowote. Baada ya dakika kama 35, ilipofika asilimia 38, kioo kikawa cheusi ghafla, bila onyo wala mlio. Niliibonyeza ikakataa kuwaka mpaka umeme uliporudi, na ilipowaka ikadai kuwa betri ina asilimia 4. Tangu hapo hiyo ndiyo tabia yake: leo itajizima kwenye 41, kesho kwenye 36, na nikifungua mafaili mawili makubwa pamoja na kivinjari hujizima mapema zaidi. Feni nayo inavuma kama mashine ya kusaga hata ninapoandika maandishi matupu.

Nimeirudisha dukani mara mbili, na kila safari ni nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku nzima ya kazi. Mara ya kwanza kijana wa pale alisema tatizo ni Windows, akaipiga upya, na kurasa 11 ambazo sikuwa nimezihifadhi kwingine zikaenda na maji (hilo najilaumu mwenyewe). Mara ya pili walikaa nayo siku 9, wakanirudishia wakisema imepona. Ilijizima nikiwa bado ndani ya basi, hata Chalinze hatujafika. Nilipopiga simu nilijibiwa mambo matatu kwa mpigo: kwamba siku ya kwanza sikuichaji kwa saa nane kamili kabla ya kuiwasha, kwamba umeme wa Morogoro ndio ulioiua betri, na kwamba hata hivyo waranti haihusu betri wala chaja. Nikakumbushwa pia maneno yaliyochapwa chini ya ile karatasi yao, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Liko jambo lingine dogo ambalo sikulitilia maanani mwanzoni. Herufi A na kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi vinang'aa, mng'ao ule wa kuguswaguswa na vidole, na skrubu moja ya upande wa chini imeliwa kichwa. Nilidhani ndivyo zinavyotoka kiwandani.

Naomba kujua kama kweli nimeiharibu mimi kwa kutoichaji, na kama sivyo, nifanye nini, maana nimeshachoka kubishana na mtu ambaye kila nikiuliza ananijibu kwa maneno ya kitaalamu ambayo siwezi kuyapima.

Fundi Bisibisi

Mwalimu, pole sana. Nianze na lile la saa nane, kwa sababu linanichosha kulisikia. Agizo hilo lilikuwa na maana enzi za betri za nikeli. Betri ya kompyuta yako ni ya lithiamu, ambayo hutoka kiwandani ikiwa na chaji kiasi na haihitaji kufundwa kama mwali. Unaitoa kwenye boksi, unaiwasha, unafanya kazi. La umeme nalo halina uzito. Tazama maandishi madogo kwenye chaja yako, bila shaka utakuta 100-240V, maana yake imeundwa kuvumilia kupanda na kushuka kwa kiwango kikubwa, na umeme ukizidi mno kinachokufa kwanza kwa kawaida ni hiyo chaja. Miaka yote niliyokaa kwenye meza ya ufundi sijaona betri mpya iliyochakazwa na umeme wa siku tano.

Kuhusu kuzima kwenye asilimia 38: namba ile haisomwi moja kwa moja kama unavyochovya kijiti kwenye pipa la mafuta. Ni makisio yanayofanywa na kisaketi kilichomo ndani ya betri, kwa kuhesabu umeme unaoingia na unaotoka. Seli zikichakaa, ukinzani wa ndani huongezeka, na kompyuta inapodai nguvu nyingi kwa mara moja, volti huporomoka hadi chini ya kiwango kinachoruhusiwa, kisha mashine inakata papo hapo hata kama makisio yanasema bado ipo chaji. Ndiyo maana ukifungua mafaili makubwa inazima mapema zaidi. Hiyo ni dalili ya betri iliyotumika sana, na Windows haihusiki. Ungeipiga hata mara kumi ingebaki vilevile.

Sasa usirudi dukani mikono mitupu. Fanya haya leo usiku, ukiwa umeichomeka kwenye umeme. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika cmd, na dirisha jeusi likifunguka andika hivi:

powercfg /batteryreport

Itakujibu kuwa imehifadhi ripoti na itakuonyesha mahali ilipo. Ifungue kwa kivinjari. Ndani yake tafuta namba tatu: uwezo wa betri ilipoundwa, uwezo wake wa sasa ikijaa, na idadi ya mizunguko ya chaji, yaani chaji nzima ya betri imetumika mara ngapi. Baadhi ya mashine hazionyeshi mizunguko, lakini zile mbili za mwanzo huwa zipo. Kisha pakua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo itakuambia diski yako ya SSD imekuwa hai kwa saa ngapi na imewashwa mara ngapi. Namba hizi diski inaziandika ndani yake yenyewe, kwa hiyo kijana aliyepiga Windows upya hakuzifuta, na huenda hakujua kama zipo.

Mwisho, linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye boksi, iliyo chini ya tumbo la kompyuta, na ile inayotokea ukiingia kwenye BIOS, yaani programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows. Zote tatu zinapaswa kuwa moja. Ingiza hiyo ya BIOS kwenye tovuti ya mtengenezaji uone waranti ya kiwanda ilianza lini. Kila hatua ipige picha kwa simu, kioo chote kionekane pamoja na tarehe.

Jambo moja nakuomba kwa msisitizo: usimpe fundi yeyote aifungue, hata mimi nisingeigusa. Ile skrubu iliyoliwa kichwa inanitia mashaka, na ukiongeza alama yako ya bisibisi juu yake, duka litasema betri uliibadilisha wewe.

Mwalimu wa Kihonda

Ndugu Fundi, nashukuru sana. Nimefuata maelezo yako hatua kwa hatua, na sikupata usingizi hadi saa saba za usiku, kwa hasira zaidi kuliko kwa kazi yenyewe.

Uwezo wa betri ilipoundwa ni mWh 51,000. Ikijaa sasa inafika 23,460, ambayo kwa hesabu yangu ni asilimia 46 tu. Mizunguko ya chaji ni 612. Diski imekuwa hai kwa saa 7,914 na imewashwa mara 1,880. Nimejaribu kuigawa: kama mtu angeitumia kwa saa 8 kwa siku, hizo ni siku 989 za kazi, na mimi ninayo kwa wiki 6, ambazo karibu wiki 2 kati yake imelala dukani au njiani. Namba iliyo kwenye boksi na ile ya tumboni zinafanana, lakini kibandiko cha tumboni ukikipitishia kucha kinanyanyuka pembeni, na chini yake kuna gundi ya kibandiko kingine. Namba ya BIOS ni tofauti kabisa. Nilipoiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji niliambiwa kwamba waranti ilikwisha mwaka 2023.

Kwa hiyo nimeuziwa kompyuta iliyotumika kwa bei ya mpya. Mume wangu anataka twende polisi kesho asubuhi. Mnasemaje?

Mzee wa Dukani

Binti yangu, mimi niliuza vifaa hivi kwa miaka 14 kabla sijastaafu, na nitasema jambo ambalo huenda lisipendwe. Kompyuta iliyotumika si haramu. Makampuni na ofisi za Ulaya na za Ghuba hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, na zile za zamani huuzwa kwa jumla, zikasafishwa, zikabadilishwa kinachofaa kubadilishwa, zikaletwa huku. Zipo ambazo zingekufaa kwa miaka mitano, na bei yake, kwa mashine kama hiyo, isingefika hata nusu ya uliyotoa. Kosa ni boksi. Boksi jipya, nailoni mpya na kibandiko kilichochapwa upya haviji kwa bahati mbaya. Kuna mtu aliyekaa chini akavipanga.

Ila mtu huyo si lazima awe mwenye duka. Mwaka mmoja nilipokea katoni 20 kutoka kwa msambazaji niliyemwamini, nikauza 6, ndipo mteja mmoja akanirudishia akiwa na hasira kama zako. Nilipofungua zilizobaki nilikuta mbili zina vumbi kwenye feni, vumbi lile la kijivu linaloshikana kama pamba, ambalo kompyuta iliyotoka kiwandani haiwezi kuwa nalo. Nilirudisha fedha za watu, na msambazaji hakupokea simu yangu tena. Kwa hiyo usiingie pale na neno "mwizi" mdomoni. Vijana wa kaunta hawana mamlaka ya kurudisha fedha na kazi yao ni kukuchosha. Muulizie mwenye mali, chagua asubuhi mapema kabla wateja hawajajaa, mwekee karatasi mbele yake na umwache asome. Mwenye duka anayejua anachokiona hatataka mteja wa pili ayasikie mazungumzo hayo.

Polisi wapo, hawakimbii. Ukianza nao, mwenye duka atamtafuta wakili badala ya kukutafutia kompyuta.

Msoma Sheria

Nakubaliana na Mzee kuhusu namna ya kuanza, lakini Mwalimu aende akijua amesimama wapi, asije akapewa elfu hamsini ya kufutia machozi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoiunda Tume ya Ushindani tunayoizoea kwa jina la FCC, inakataza kumwonyesha mnunuzi kwa uongo kwamba bidhaa ni mpya ilhali sivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inachukulia kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo fulani ni lazima ilingane na maelezo hayo. Kwa hiyo mwenye duka hawezi kujificha nyuma ya hoja kwamba waranti haihusu betri, kwa sababu Mwalimu halalamikii betri iliyokufa ndani ya waranti. Analalamikia kwamba kilichoandikwa kwenye boksi na alichokikuta ndani ni vitu viwili tofauti, na hoja hiyo ingesimama hata kama betri ingekuwa nzima. Hapa ndipo wengi hujikwaa: tunaingia dukani tukidai kutengenezewa, tunatengenezewa mara tatu, mara nne, mwishoni tunaonekana kama tuliokubali bidhaa.

Na hilo la kuonekana umekubali si la mzaha. Sheria hiyo ya mauzo inamhesabu mnunuzi kuwa amepokea bidhaa endapo atakaa nayo kwa muda wa kutosha bila kumjulisha muuzaji kwamba anaikataa. Kwa hiyo, Mwalimu, acha kuitumia kuanzia leo. Andika barua fupi yenye tarehe, taja tarehe ya ununuzi na namba ya risiti, eleza ulichokikuta, kisha useme waziwazi kwamba unaikataa bidhaa na unadai urejeshewe fedha yako au upewe nyingine iliyo mpya kweli. Peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa duka. Wakikataa kuigonga, itume pia kwa ujumbe wa simu ili ibaki alama ya tarehe. Taja ndani yake zile safari mbili za kurudisha, kwa kuwa zinaonyesha kwamba hukunyamaza.

Ile sentensi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" inaweza kumzuia mteja aliyebadili mawazo kuhusu rangi. Haiwezi kuhalalisha kuuza ya zamani kwa jina la mpya. Na umshukuru aliyekupa risiti ya EFD, kwani wengi wanaokuja kwetu na malalamiko kama haya wana kikaratasi kisicho na jina la duka, na hapo kazi huwa ngumu kabla hata haijaanza. Duka likikaidi, peleka malalamiko FCC ukiwa na barua hiyo.

Mkaazi wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Yaliyompata Mwalimu yamenipata mimi pia na kipakatalishi cha mwanangu, tofauti ni kwamba changu kilikuwa kimechakachuliwa kwenye diski: kibandiko kilisema GB 512 na ndani mlikuwa na 128. Kwetu Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro, na ipo pia Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Nilipotaja Katiba mle dukani walicheka. Nilipotoa picha ya kioo chenye ile 128 wakaacha kucheka, kwa hiyo nakuunga mkono kwenye hilo la kupiga picha kila kitu.

Swali langu kwa Fundi: je, muuzaji mjanja hawezi kubadilisha betri na diski ili namba zote zisomeke sifuri?

Fundi Bisibisi

Anaweza, ndugu yangu, na wapo wanaofanya hivyo, ndiyo maana sikumwambia Mwalimu aangalie namba moja peke yake. Lakini betri halisi na SSD mpya zinagharimu, na faida ya mchezo huu inatokana na kutogharimika. Aliyebadilisha betri husahau BIOS. Aliyebadilisha namba ya BIOS husahau bawaba za kioo, ambazo kwa mashine ya miaka mitatu hulegea kiasi kwamba ukiinyanyua kompyuta kwa upande mmoja kioo kinayumba. Na karibu wote husahau vitufe vya A na E. Diski mpya nayo haisomi sifuri kamili mara zote, saa chache za majaribio ya kiwandani ni kawaida. Ukiona mamia, uliza maswali.

Mwalimu wa Kihonda

Ndugu zangu, narudi na habari. Nilifika dukani Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi nikiwa na mume wangu, ambaye alikubali kunyamaza, na akanyamaza kweli, jambo ambalo sikulitegemea. Mwenye duka alikuwepo. Nilimwekea barua, ripoti ya betri iliyochapwa na picha nne. Alisoma ukurasa wa kwanza haraka, wa pili polepole, kisha akakigeuza kile kibandiko cha tumboni kwa kucha kama nilivyofanya mimi. Kijana wa kaunta alipoanza tena habari za saa nane, alimwambia aende akalete chai.

Hakukiri kitu wala sikumlazimisha. Alisema atawasiliana na aliyemletea mzigo, na akaniambia nichague kati ya fedha yangu baada ya siku 14 au kompyuta nyingine siku hiyohiyo. Kwa kuwa tasnifu yangu ina tarehe ya mwisho, nilichagua kompyuta, kwa sharti kwamba ifunguliwe mbele yangu. Niliandika ile amri ya Fundi mwenyewe pale kaunta. Ya kwanza iliyotolewa kwenye rafu ilisoma mizunguko 340, na mwenye duka akairudisha kwenye boksi bila kusema neno, ila masikio yalikuwa yamemwiva. Ya pili ilisoma mzunguko 1, diski saa 2, na namba zote tatu zinafanana. Waranti ya kiwanda inaonyesha ilianza mwaka huu. Hiyo ndiyo niliyokubali. Nakala yangu ya barua imegongwa muhuri, na ameongeza kwa mkono kwamba waranti inaanza upya tarehe hiyo.

Ila bado sijamkabidhi ile ya zamani. Tulikubaliana kwamba nitaituma kwa basi Jumatano, kwa sababu ina alama za wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, nakala ya kitambulisho changu cha NIDA na barua pepe zangu zote. Nimefuta mafaili na kumwaga kile kikapu cha takataka. Je, inatosha?

Fundi Bisibisi

Haitoshi, Mwalimu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya Jumatano. Faili lililofutwa kwa njia hiyo wakati mwingine linaweza kurudishwa na mtu mwenye programu ya kawaida tu. Kwanza nakili unachokihitaji kwenye kompyuta mpya, pamoja na ile ripoti ya betri. Kisha toka kwenye akaunti zako zote, ingia kwenye mipangilio ya Windows, tafuta sehemu ya kuirejesha kompyuta katika hali ya mwanzo, chagua kuondoa kila kitu, na kabla ya kuthibitisha fungua mipangilio ya ziada uwashe chaguo la kusafisha diski. Litachukua muda mrefu zaidi kuliko kufuta kwa kawaida, pengine saa kadhaa, kwa hiyo hakikisha imechomekwa kwenye umeme tangu mwanzo hadi mwisho, maana kwa betri ile itakuzimikia katikati.